Nilivyojizoeza Baridi Malindi

Barua ya rafiki yangu ilikuwa na kurasa tatu, na mbili kati yake zilihusu ngozi. Tulisoma pamoja chuo kikuu Nairobi, kisha yeye akatangulia mwaka mmoja kwenda kutafuta shahada ya pili katika nchi ambayo maji ya ziwa hugeuka sakafu na watu wakapita juu yake na viatu vyao. Mimi nilikuwa nimfuate mwezi wa Januari. Nilimwandikia kumwuliza mambo niliyoyaona ya maana: maktaba ikoje, walimu wakoje, msikiti uko umbali gani. Alinijibu yote hayo kwa mistari minne, halafu akaanza habari ya magoti yake.

"Ndugu yangu," aliandika, "baridi ya huku si ile ya mvua. Ni kavu. Inakunywa maji ya mwilini. Wiki ya pili nilicheka darasani, mdomo ukapasuka, damu ikadondoka kwenye daftari. Magoti yangu yamekuwa meupe kama ya mtoto aliyeshinda akicheza majivuni. Nikishika blanketi, mikono inanasa nyuzi."

Baada ya hapo akanipa utaratibu wake wa kila asubuhi. Nisioge maji ya moto hata roho ikitamani. Yawe vuguvugu tu. Nikitoka nisijifute kwa nguvu, bali nijiguseguse kwa taulo, ngozi ibaki na unyevu. Mafuta niyapake hapo hapo, mazito, kabla unyevu haujakimbia. Midomo na nyuma ya masikio nipake mafuta ya mgando. Nisimame kidogo yaingie, ndipo nivae: fulana, shati, sweta, koti, glavu. Na mara moja kwa wiki nijisugue taratibu kwa kitu chenye chembechembe, ngozi iliyokufa iondoke. "Na mafuta ya nazi usije ukadhani utayamimina," aliongeza. "Huku ni jiwe. Mimi hulala na kichupa kwapani." Mwishoni akaandika maneno matatu na kuyapigia mstari: "Zoea kabla hujaja."

Mtu asiyesoma angeelewa kwamba anaambiwa anunue mafuta. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na shahada, nilielewa kwamba natakiwa kufanya mazoezi.

Hapo tulikuwa Malindi, mwisho wa Oktoba, upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi haujaanza, na hewa imesimama kama maji ya birika. Ni majira ambayo mbuzi wa mtaani kwetu waligombania kivuli cha ukuta na kupigana pembe kwa ajili yake. Ndiyo majira niliyoyachagua kujikinga na baridi.

Kabla sijaendelea lazima niwaambie juu ya bibi yangu, na juu ya singo.

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyewatengenezea maharusi singo katika mtaa wetu na mitaa miwili ya jirani. Aliyakausha mawaridi na asumini, akatia liwa, unga wa mti wenye kunukia, karafuu kidogo, na vitu vingine viwili ambavyo hakuwahi kumwambia mtu. Akatwanga, akachekecha, akarowesha kwa marashi. Bibi arusi husuguliwa singo siku saba kabla ya arusi mpaka mwili uteleze. Bwana arusi naye akishaingia fungate, zile siku saba za ndani, mkewe humsugua. Ndiyo maana kwetu mwanamume hanukii singo ila kwa sababu moja. Akipita mwanamume asubuhi ananukia mawaridi na liwa, hakuna haja ya kumdai cheti. Kaoa, na si zamani.

Ada hiyo niliijua tangu utoto. Kitu nilichokuwa sikijui ni harufu yenyewe. Nilizaliwa ndani yake, nikatambaa ndani yake, nikajifunza kusoma karibu na kinu chake. Mtoto wa muuza samaki hasikii samaki. Mimi singo sikuisikia, na mama hakuisikia, na bibi mwenyewe alikuwa amekwisha kuacha kuisikia kabla mama hajaolewa. Aliipima kwa vidole na kwa ulimi.

Na sasa posa. Siku zile zile za barua, ami yangu, ndugu wa marehemu baba, alikuwa ameninenea kwa mzee mmoja mwenye duka la misumari, rangi na sabuni karibu na soko. Binti wa mzee huyo alikuwa mwalimu kama mimi, yeye wa darasa la kwanza, na jioni alimsaidia baba yake dukani. Nilikuwa nimezungumza naye mara tano maishani mwangu, na mara zote tano nilikuwa nanunua misumari nisiyoihitaji. Chumbani kwangu kulikuwa na misumari mingi ukutani kuliko nguo za kutundika. Mara ya tano aliifunga kwenye gazeti, akanitazama, akaniuliza, "Unajenga nini, mwalimu, kwa misumari yote hii?" Nikasahau Kiswahili.

Mzee aliipokea posa vizuri na kujibu kama ilivyo desturi: "Tupeni wiki tatu tuulizie." Maana yake ni kwamba angetuma watu wake kimya kimya kuuliza habari zangu: naswali au siswali, nina hasira au sina, nina mwanamke mahali au sina. Wakiridhika, tungefunga ndoa kabla sijasafiri, na yeye angenifuata baadaye. Wasiporidhika, ningekwenda miaka miwili, na kumkuta nikirudi ilikuwa ndoto, kwa sababu kulikuwa na mposaji mwingine wa Mambrui, na shangazi zake walikuwa wameonekana kwa kina binti mara mbili katika wiki moja. Sikuwa na wasiwasi sana. Nilijua maisha yangu hayakuwa na la kuulizwa. Yalikuwa makavu hata kabla ya baridi.

Nikaanza mazoezi.

Siku za kazi nilikuwa Kilifi, nikifundisha kwa muda katika shule moja ya sekondari. Nilipanga chumba huko ng'ambo ya kivuko, maana daraja lilikuwa halijajengwa, na kila Ijumaa nilirudi Malindi. Nilianzia Malindi, siku chache za likizo fupi ya shule, kisha nikajizoeza kotekote. Alfajiri, baada ya swala, naoga maji ya vuguvugu, jambo lisilo na taabu, kwa kuwa maji ya Malindi wakati ule hayana namna nyingine. Najigusagusa na taulo. Najimiminia mafuta ya nazi. Napaka mafuta ya mgando midomoni, nyuma ya masikio na, kwa tahadhari, kwenye kope. Kisha nasimama katikati ya chumba nimetanua mikono, nangoja yaingie. Hayakuingia. Yalishuka. Yalifuata mgongo na miguu yakaenda zake sakafuni, na mimi bado nangoja.

Baada ya kungoja, navaa koti. Nilikuwa nimelipata kwenye mitumba, koti zito la rangi ya kahawia lenye kola ya manyoya, na aliyeniuzia alilichukua kwa kijiti kama anayemtoa nyoka chooni. Glavu zilikuwa za sufu. Nilijiwekea robo saa ya kukaa ndani ya vitu hivyo kila asubuhi.

Siku ya pili mama alifungua mlango kuniletea chai.

"Una homa?" aliuliza.

"La, mama. Ninajizoeza."

"Unajizoeza homa?"

"Baridi, mama. Ya Ulaya."

Mama akatazama dirishani. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya mapaa. Akanitazama tena, nikidondoka. "Baridi yenyewe iko wapi?"

"Haijaja. Ndiyo maana ya kujizoeza."

"Haya. Na ukishaizoea baridi huku kwenye joto, ukifika kwenye baridi utajizoeza nini?"

Nikanyoosha mkono kupokea kikombe. Glavu ilikuwa imelowa mafuta, kikombe kikaniponyoka. Mama akavitazama vigae, akaitazama chai inayotambaa kuelekea ukuta wa misumari yangu, akasema taratibu, "Digrii moja ilitosha, wallahi."

Ugumu ulikuwa kwenye ile kazi ya kusugua. Kitu chenye chembechembe: kipi? Kwanza nilijaribu mchanga wa pwani niliouchekecha kwa kitambaa, nikatoka bafuni kama mtu aliyeburutwa na punda. Halafu sukari. Sukari ilikuwa laini, ilikuwa nzuri, na usingizini sisimizi walinigundua. Siku ya tatu, nikipita mbele ya stoo ya bibi, nililiona beseni lake la singo limefunikwa kitambaa cheupe. Unga wa chembechembe, unyevu, laini, uliotengenezwa makusudi kwa ajili ya ngozi na fundi asiye na mfano Malindi nzima. Nilijipiga paji la uso kwa ujinga wangu. Nikachota konzi moja.

Sikumwomba bibi. Mwanamume anayeomba singo hana budi kuulizwa maswali, na mimi nilikuwa mtu wa aibu. Nikachota kimya kimya, na kesho yake nikachota tena. Rafiki yangu alisema mara moja kwa wiki. Lakini kama mara moja kwa wiki inafaa, nilipiga hesabu, kila siku itafaa mara saba. Nikajaza mkebe, nikaenda nao Kilifi.

Leo, nikiwa na umri wa mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa, naelewa nilichokuwa nakifanya. Kusugua kila siku kuliiondoa hata ile nta kidogo ambayo Mungu alinipa. Nikawa mkavu, mara ya kwanza maishani. Nilipoona ukavu nikasema, kumbe baridi ni kitu cha hatari hata kabla hujakutana nayo, nikazidisha mafuta. Mafuta yakaishika singo. Koti likayapika yote mawili kwa robo saa. Kisha nikatoka nje, juani, nikiwa chetezo kinachotembea, na sikusikia kitu.

Jumamosi ya kwanza nilipita barazani kwa muuza kahawa, ambapo wanaume wa mtaa walikaa asubuhi wakirekebisha dunia. Niliwatolea salamu. Mazungumzo yakakatika. Muuza kahawa akainua uso, akavuta pumzi, akatabasamu mpaka kwenye magego.

"Mabruk, mwalimu, mabruk! Na kimya kimya hivyo!"

Nikajua habari ya masomo yangu imefika. Nikainamisha kichwa. "Ahsante, mzee. Mungu ndiye mtoaji."

"Na Kilifi kumekupendeza, eh?" aliuliza fundi wa saa, akiwakonyeza wenzake.

"Kilifi ni pazuri."

"Tunaona! Kweli ni pazuri!"

Wakacheka, nami nikacheka kwa adabu. Kahawa nilipewa bure, vikombe viwili. Nikaenda zangu nikijiambia kwamba elimu bado ina heshima Malindi.

Wiki iliyofuata msikitini, mzee aliyesimama karibu nami katika safu alinisubiri nitoe salamu ya mwisho, akaniegemea sikioni. "Zile siku saba zimekwisha, au bado?"

Nikadhani mama amewasimulia watu mazoezi yangu. "Leo ya tisa," nilimjibu, "na naendelea."

Akanitazama kwa heshima ambayo sijaipata tena tangu siku hiyo. "Mashallah," akasema, akapangusa uso.

Ami alikuja nyumbani Ijumaa ya tatu, baada ya alasiri. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mtu aliyecheka mara mbili kwa mwaka, kwenye Idi. Alikaa, mama akamletea chai, akaikataa. Nyumba yetu haikuwahi kukataliwa chai. Mama akaliweka birika chini.

"Wamejibu," alisema ami.

Mama akavuta kigoda, akakaa.

"Wamesema binti yao hawamtoi kuwa mke wa pili."

"Mke wa pili wa nani?" mama akauliza.

"Wa huyu."

"Na wa kwanza yuko wapi?"

"Yuko Kilifi," ami akasema, macho kwangu. "Mji mzima unamjua ila sisi jamaa zake. Mzee wa watu katuma watu kuulizia, kama ilivyo ada. Wamepita barazani, wamepita msikitini, wamekwenda hata kwa kinyozi. Kila mmoja kawaambia: yule bwana arusi, nendeni mkamnuse wenyewe."

"Wakaninusa?"

"Jumamosi, sokoni. Ulijiwa na mtu kukuuliza saa."

Nilimkumbuka. Alisimama karibu mno kwa mtu anayetaka kujua saa.

Mama alikuwa ameanza kulia. "Umeoa mwanangu! Umeoa mimi nipo, na hata leso sikununua! Mkwe wangu nani? Anajua kupika?"

"Mama, sina mke! Naapa!"

"Basi hiyo harufu ni ya nini?" ami aliuliza.

"Harufu gani?"

Ami akaziba pua kwa ncha ya kanzu, akaona hilo ndilo jibu.

Kutoka kwenye mkeka wa pembeni bibi akaniita. "Njoo hapa, mume wangu." Ndivyo alivyowaita wajukuu wake wote wa kiume, kwa utani wa bibi na mjukuu, ila siku hiyo mama alizidi kulia alipolisikia neno. Nikapiga magoti. Bibi alinikamata mkono, akausugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole, akakilamba.

"Karafuu," alisema. "Karafuu ya mwezi huu, nimeipunguza kwa mkono wangu. Hii singo yangu." Akaniachia. "Nami nilidhani ni panya."

"Panya, bibi?"

"Beseni linapungua kila wiki. Nikasema panya wa zamani hizi wanapenda uzuri."

Haikubaki ila kusema kweli. Nikaleta barua, nikaisoma yote mbele yao, magoti, damu ya daftarini, kichupa cha kwapani, na mahali palipopigiwa mstari. Nikaleta na koti kama ushahidi. Nilipomaliza, mama alikuwa ameacha kulia, bibi amejifunika uso kwa mtandio na mabega yanatikisika, na ami anatazama ukuta wenye misumari.

"Kwa hiyo," ami alisema hatimaye, "unataka mimi, na ndevu hizi, niende nikamwambie mzee wa watu: mwanetu hana mke, ila kila asubuhi hujifungia bafuni akajisugua singo ya maharusi, kwa sababu ya baridi iliyoko Ulaya?"

"Ndiyo kweli yenyewe, ami."

"Afadhali ungekuwa na mke Kilifi. Mke ni jambo la sharia. Hili sijui nilifungulie kitabu gani."

Sikucheka, na sikuona cha kuchekesha. Niliona kwamba binti aliyeniuliza najenga nini sasa anaamini nilikuwa najenga nyumba mbili. Nilikuwa nimempoteza kwa mikono yangu, konzi moja kila alfajiri, na hata raha ya huyo mke wa Kilifi sikuwa nimeionja. Nilimwambia ami kwamba kama hataki kwenda, nitakwenda mwenyewe. Alinikumbusha kwamba mposaji haendi mwenyewe. Nikasema sijali. Hapo bibi akajifunua uso.

"Atakwenda," alisema. "Nasi tutakwenda naye. Uongo wa kipumbavu hivi nani angeutunga? Lazima ni kweli."

Kesho yake asubuhi tulikwenda watatu. Mama alikataa, alisema uso wake hautaibeba aibu hiyo. Mzee wa misumari alitukaribisha kwa adabu zote. Haluwa ililetwa, kahawa ililetwa. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba" akiitazama dari. Pazia la mlango wa ndani lilikuwa limeshushwa, na nyuma yake nilisikia bangili zikigongana, kisha zikatulia. Alikuwa pale.

Ami alitoa utangulizi mrefu usiokuwa na habari ndani yake. Kisha akaniachia, nikaisoma barua kwa mara ya pili. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto anayesomeshwa kwa fimbo. Nilipofika kwenye kichupa cha kwapani, nyuma ya pazia mtu alipiga chafya ambayo haikuwa chafya.

Mzee hakutikisika. "Barua mtu anaweza kujiandikia," alisema.

Nikampa bahasha. Aliigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama stempu yenye picha ya mti usio na majani.

"Stempu ni ya kweli," alikubali. "Hii inathibitisha kwamba baridi iko. Haithibitishi kwamba mke hayuko."

Ami, ambaye alikuwa amesikiliza mawakili miaka mingi, alitikisa kichwa kwa kumstahi. Nilimtazama nikajua kwamba upande wangu umebaki na mtu mmoja.

"Mzee," alisema bibi, "mimi nimewasugua maharusi miaka mingi kuliko nywele ulizobakiwa nazo. Naomba huyu avue shati."

"Avue shati hapa?"

"Avue, ageuke."

Ami alifumba macho. Nikavua, nikageuka, nikawa nimeelekea kalenda ya ukutani, mgongo wangu kwa wazee. Bibi aliinuka kwa kukishika kiti, akanijia.

"Mke akimsugua mumewe huanzia wapi?" aliuliza, kwa sauti aliyowafundishia mabinti. "Mgongoni. Kwingine kote mtu hujifikia mwenyewe. Sasa tazameni. Mabega haya yanang'aa kama sufuria. Kiuno hiki, haya, kimepata. Na hapa katikati?"

Ukucha wake ulishuka kati ya mabega yangu, nikasikia unavyokwaruza.

"Chaki ubaoni," alisema bibi. "Pana ukubwa wa sinia. Hapa hapajaguswa na singo, wala mafuta, wala mwanamke yeyote. Mwanamke gani wa pwani, hata awe mvivu namna gani, angemtoa mume nje na mgongo huu? Angechekwa mpaka Magarini."

Nikasikia mzee anatafuta miwani. Nikasikia viatu vyake. Pumzi yake ilinigonga shingoni, kisha kidole chake, kigumu kwa kupima misumari, kikachora mstari wa pili kando ya ule wa bibi.

"Njoo ushuhudie," alimwambia ami.

Ami akaja. Nilikuwa nimefanya mitihani mingi, nimepigwa picha za kifua kwa ajili ya safari, nimehojiwa na watu wanne nyuma ya meza ndefu. Sijawahi kungojea matokeo namna ile.

"Pakavu," alisema ami, kwa sauti yake ya mahakamani.

"Pakavu kabisa," alisema mzee.

Hapo ndipo pazia lilipocheka. Zilianza bangili, kisha kicheko kilichobanwa, kisha kicheko kisichobanwa tena. Sauti ya mwanamke mzima ikamkemea, "Nyamaza, we mtoto, aibu!" nayo ikashindwa katikati ya neno. Mzee alikohoa mara tatu, na mara ya tatu nilitambua kwamba hakuwa anakohoa.

"Basi," alisema alipojiweza. "Huyu hana mke. Na ushahidi huu sijapata kuusikia popote." Kisha akageukia pazia, na sauti ikawa nyingine, ya baba. "Umesikia yote, mwanangu. Jibu ni lako. Wasemaje?"

Bangili zikanyamaza. Nilikuwa bado nimeielekea kalenda, shati mkononi, siwezi kugeuka kwa heshima wala kuvaa bila ruhusa. Jasho lilikuwa linanishuka, likipita kandokando ya sinia. Nilizisoma siku zote za mwezi ule kwenye kalenda, nikazisoma tena kurudi nyuma.

"Nimekubali, baba," ilisema sauti ya msichana wa misumari. "Lakini aoge kwanza. Nyumba nzima inanukia arusi, na arusi bado."

Mzee alikwenda mwenyewe dukani, akakata kipande cha mche wa sabuni ya kufulia, akarudi nacho na taulo, akanionyesha bafu uani. Ami alininong'oneza kwamba katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuoga kwa wakwe kabla ya ndoa, na kwamba hata baada ya ndoa watu hungoja waalikwe. Nilimwambia nimealikwa. Nikafunga mlango, nikateka maji ya pipani, ya vuguvugu kama ada, nikajisugua sabuni mpaka ngozi ikalia.

Mlango ukagongwa kwa mkongojo.

"Mume wangu!" bibi alipaza sauti, na ua mzima ukamsikia. "Mgongo usiuguse! Huo ni ushahidi, uache hivyo hivyo mpaka kadhi aje!"

Sikuugusa. Nisingeufikia hata kama ningetaka.